Kidari ni cha Mgeni

3 Machi
Daftari hili nimepewa na Lokaale. Watu wa tuzo huko Ulaya wamemwambia kila ofisi ndogo kama yetu iwe na kumbukumbu ya usalama: nani amesimama nje ya lango, nani amepiga simu akanyamaza. Kazi hiyo amenitupia mimi, Nakiru, kwa sababu hapa Lodwar mimi ndiye ninayeandika kila kitu. Miaka tisa sasa. Watu wakiuawa Lokori, Lokaale anapanda pikipiki kwenda kuwasikiliza wajane, anarudi na vumbi na sauti zao kwenye simu. Mimi ninazisikiliza, ninarudia, ninaandika, mpaka masikio yanauma. Sasa kuna tuzo ya watetezi wa haki na fikra huru, na kwenye orodha ya mwisho limebaki jina moja la Turkana. Si langu.

Nitaandika, lakini nitaandika ninavyotaka.

4 Machi
Langoni amesimama mbuzi wa jirani. Hakutoa vitisho.

11 Machi
Lokaale amerudi kutoka Kakuma. Alikwenda kumsikiliza Nyakim, mkimbizi wa Sudan Kusini anayeuza chai karibu na kambi. Wiki tatu zilizopita ndugu yake, Thiong, alisimama kwenye mkutano wa hadhara akasema kuna mtu mkubwa anayewauzia risasi wenyeji na wakimbizi pia, ili wauane vizuri. Hakutaja jina, alisema atalitaja mkutano ujao. Siku ya tatu wakaja saa nne asubuhi, soko limejaa. Walimpiga risasi ya goti kwanza ili aanguke, kisha wakamkalisha, wakampiga mdomoni. Nyakim alikuwa hatua kumi kutoka hapo, na birika mkononi. Inasemekana mkubwa mwenyewe alikuwa amekaa ndani ya lori akitazama, na Nyakim alimwona.

Hayo ndiyo anayoyajua kila mtu. Aliyoyaona Nyakim mwenyewe sijaambiwa. Lokaale hakunipa simu nisikilize. Alikaa kwenye kompyuta yangu akaandika mwenyewe, kwa vidole viwili, kutwa nzima, kisha akafungia faili kabatini na ufunguo akautia mfukoni.

"Hii nimeandika mimi," alisema.
"Nimekosa nini?"
"Hujakosa, dada. Hii ni ya mimi."

Naam. Ni ya yeye. Watu wa tuzo wakiuliza ni nani aliyeshika ushahidi mzito kuliko yote, jibu liko tayari.

17 Machi
Mvua ya kwanza, matone makubwa, dakika kumi. Mji mzima umetoka nje kuitazama.

22 Machi
Wavamizi wameingia Lokori alfajiri. Watu saba. Nimesikiliza sauti ya mwanamke mmoja mara sita, kwa sababu nyuma yake kuna ng'ombe wanaolia na maneno hayasikiki. Anasema mtoto alikuwa mgongoni. Anasema risasi ilipita kwa mtoto ikaingia kwake, kwa hiyo iliyoko mwilini mwake ni ileile. Hataki daktari aitoe.

Nimeandika, nikaenda nyuma ya ofisi nikatapika. Lokaale alinishikia kibuyu cha maji. Hapo nilimpenda kidogo.

2 Aprili
Wamechoma pikipiki ya Lokaale mchana kweupe, nje ya lango letu, na juu ya kiti walikuwa wameweka ulimi wa ng'ombe. Nimewaandikia watu wa tuzo. Wamejibu kwa upole mwingi wakiuliza kama tuna mpango wa usalama. Nimewajibu kwamba tuna daftari.

20 Aprili
Pasaka. Mama amechinja. Kwa kuwa leo hakuna aliyepigwa risasi, nitaandika juu ya nyama.

Kwa ukoo wetu kila kipande kina mwenyewe. Kidari cha nyumba ya Mama ni cha mdogo wake, Mjomba Epuyo. Hapokei mtu mwingine. Ila kama kuna mgeni aliyelala nyumbani, hapo kidari ni cha mgeni, na Mjomba hupelekewa shingo. Shingo ikimfikia haulizi kitu. Anajua kuna mgeni kwa dada yake, na kesho yake huja kumsalimu. Lokaale alipokuja kwetu mara ya kwanza, miaka tisa iliyopita, alipewa kidari, na asubuhi Mjomba akafika na sukari na majani ya chai kumsalimu. Lokaale aliipenda sana desturi hiyo, akawa anawasimulia watu.

Leo hapakuwa na mgeni, basi nimembebea kidari mwenyewe hadi kwenye boma lake la kununulia mifugo. Malori mawili yalikuwa yakipakia mbuzi wa Nairobi. Mjomba alinishika kichwa kama anavyofanya tangu nikiwa mdogo. Ni yeye aliyenisomesha. Baba alipokufa, ni yeye aliyeniambia nichague kati ya kuolewa na kusoma, na niliposema kusoma alicheka akasema haya, twende tununue viatu.

"Yule Lokaale yako bado anatafuta wauaji?" aliniuliza.
"Bado."
"Mwambie apumzike. Hii kitu itamuua."

Nimeona uchungu wa kweli usoni mwake. Kuna watu wanaotujali.

27 Aprili
Tumegombana na Lokaale. Nilimwambia miaka tisa nimekuwa masikio yake, na sasa kwa sababu kuna wazungu wa kumpigia makofi ananifungia kabati kama mwizi. Nilimwambia anataka kifo cha Thiong kiwe chake peke yake. Aliinama akafunga kamba za viatu, na zilikuwa zimefungwa tayari.

"Kuna kitu ukijua huwezi kurudi kwenu kula," alisema.

Nikamwambia aache kuongea kama mhubiri. Nimetoka nikabamiza mlango.

3 Mei
Mvua imekolea huko juu. Laga, ule mto mkavu ulio kati ya mji na kwetu, imeanza kupitisha maji. Ng'ombe mmoja amepita, miguu juu.

6 Mei
Lokaale amekwenda Nairobi kutafuta visa. Saa tano barua imeingia kwenye kompyuta: ameshinda. Wameandika kwamba amewapa sauti wasio na sauti. Mimi nimezisikia sauti zao miaka tisa, wanazo, tena kali. Nimempigia simu, haipatikani.

Nilikaa pale na wivu wangu kwa muda mrefu. Kisha nikakumbuka kibuyu cha maji, nikalia, nikafurahi kwa ajili yake.

7 Mei
Saa nane Nyakim ameingia ofisini kwetu, hana kiatu kimoja. Ni mwanamke mrefu, mkimya, na sikio la kushoto limechanwa. Kakuma kumechafuka. Jana wenyeji na wakimbizi wamepigana kwa panga na mawe kando ya mto Tarach, na katikati ya vurugu hiyo watu wawili wakaja moja kwa moja kwenye banda lake la chai wakimwita kwa jina. Alimmwagia mmoja chai ya moto usoni. Wa pili alimkata, panga likapita kwenye sikio. Amejificha chini ya turubai la lori la makaa hadi hapa.

"Lokaale alisema nikija nitafute yeye tu," aliniambia. "Yeye tu, dada."
"Lokaale yuko Nairobi. Mimi ndiye ninayeandika kila kitu hapa."

Alinitazama sana. Nimemshona sikio kwa uzi wa kliniki, nikamfunika leso, nikampeleka kwa Mama. Hakuna mahali salama Lodwar nzima kama kwa Mama. Simu ya Lokaale bado haipatikani.

8 Mei
Mama amesema tuzo haiwezi kuingia mjini bila damu, akachinja beberu. Kidari amepewa Nyakim, amekula kidogo. Mguu mmoja tumemwekea Lokaale. Shingo nimempelekea Mjomba. Ameipima mkononi, akasema shingo ina utamu yake, akauliza kama mvua inaingia kwa Mama. Jioni mtandao umerudi, nimemtumia Lokaale ujumbe: Umeshinda. Nyakim yuko nasi, mzima.

19 Mei
Ninaandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia hauna kidole cha shahada wala cha kati. Nitaandika kidogo kidogo, hata ikichukua juma zima.

Tarehe 9 Lokaale alifika na ndege ya mchana. Aliingia ofisini amelowa. Nilisimama nimpongeze, hakuona mkono wangu.

"Nyakim ako wapi?"
"Kwetu."
"Kwenu wapi?"
"Kwa Mama. Wapi tena?"

Alishika ukingo wa meza.

"Mlichinja?"
"Beberu. Usijali, mguu wako upo."
"Mjomba yako mlipatia nini?"

Nilicheka. Ninataka iandikwe hapa kwamba nilicheka. Nilidhani anauliza nani amepewa zaidi yake.

"Shingo," nikasema.

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika namna ile. Alinivuta mkono tukatoka mbio, tukapanda boda boda watatu, na njia nzima alikuwa akisema kwenye simu na polisi. Kwenye laga maji yalikuwa ya magoti na yanapanda. Nilimuuliza kuna nini. Alisema, "Ni yeye, Nakiru. Ni yeye alikaa kwa lori." Nilimpiga kofi mgongoni, kwa nguvu. Nilimwambia amelaaniwa. Hakugeuka.

Tulimkuta Nyakim anafua na Mama. Lokaale alimwambia neno moja la Kiarabu cha Juba, khalas, yaani basi, imekwisha, naye akaacha nguo palepale, akaanza kutafuta njia. Ua wa nyuma ni miiba. Lokaale aliupasua kwa mikono yake, akamsukuma Nyakim ndani ya miiba kama mzigo, akanisukuma na mimi nimfuate. Sikwenda. Mama alikuwa amekaa na hawezi kukimbia.

Walikuja na pikipiki mbili, wanaume watatu, hawakuficha nyuso. Wa mbele alikuwa Ekiru, dereva wa Mjomba. Amekula kwetu mara ngapi sijui.

"Mama, ejok," alisalimia kwa Kiturkana.

Mama, kwa mazoea, alijibu, "Ejok-noi."

"Kaa tu chini, Mama. Si wewe tunatafuta. Tumekuja kusalimia mgeni."

Lokaale alisimama mlangoni akakamata miimo miwili. Nyumba ilikuwa tupu nyuma yake. Alikuwa akilinda chumba kitupu ili wadhani Nyakim yumo.

"Hapiti mtu," alisema.
"Wewe tunakujua. Toka."
"Hapiti."

Ekiru alimpiga risasi ya tumbo. Hakuachia miimo. Wa pili alimkata mkono wa kushoto kwenye kiwiko kwa panga, ukaachia, wa kulia ukabaki. Mimi nilimrukia huyo wa panga nikalishika panga lenyewe, kama mjinga, kwa vidole. Alilivuta. Sikusikia maumivu, nilisikia kitu kimeanguka kwenye beseni la nguo. Risasi ya pili ilimwingia Lokaale shingoni.

Waliingia ndani, wakageuza vitanda, wakatoka, wakaona tundu kwenye miiba. Wakati huo tulisikia mngurumo wa laga. Maji ya huko juu yalikuwa yamefika yote kwa pamoja, mekundu, na miti. Nyakim alikuwa upande wa pili tayari, amevuka na maji ya kifuani, amesimama ukingoni akitutazama. Walimfyatulia risasi tatu wakamkosa. Kisha wakapanda pikipiki zao, na Ekiru akamwambia Mama pole.

Maji yaliyomwokoa Nyakim ndiyo yaliyowazuia polisi na gari la hospitali. Walisimama ng'ambo kwa muda wa saa mbili, tunawaona wanatuona. Lokaale alikufa katikati ya saa ya kwanza. Alijaribu kunionyesha kitu mfukoni. Ulikuwa ufunguo wa kabati.

24 Mei
Nimefungua faili. Kurasa nne, zimejaa makosa, maana hajui kuandika. Nyakim anaeleza mzee aliyekaa ndani ya lori, akiwanyooshea kidole wauaji. Anaeleza kofia, sauti, namna anavyoshika watu kichwa anapoongea nao. Kando, kwa kalamu, Lokaale ameandika: Nakiru asione hii mpaka kesi ianze. Atakosa kwa kwenda.

Nilikuwa nimedhani ananificha utukufu. Alikuwa ananiachia mjomba wangu kwa wiki chache zaidi. Angeniambia siku ileile ya Machi, ningelia, ningemchukia, na angekuwa hai. Nimemkasirikia tena, maiti na yote. Kisha nimerudi kwenye daftari hili nikasoma tarehe 8 Mei. Mstari mmoja, katikati ya mguu na mtandao.

2 Juni
Wamemkamata Mjomba pamoja na Ekiru. Ekiru amesema alikwenda peke yake, kwa hasira zake, hakutumwa na mtu. Mama hajala siku mbili. Tunalala chumba kimoja na hatuongei.

12 Juni
Leo ndiyo sherehe ya tuzo. Nimekaa mbele ya kompyuta ofisini, na huko Ulaya ukumbi mzima umesimama kwa dakika moja ya kimya, suti nyeusi na maua. Mwanamke mmoja ameniuliza kwa Kiingereza kizuri ningependa kusema nini juu ya ujasiri wa mwenzangu. Nimewaambia ukweli: kwamba aliuawa kwa sababu nilimpelekea mjomba wangu shingo ya mbuzi badala ya kidari. Kisha wamepiga makofi, tena kwa muda mrefu. Siwalaumu.

23 Juni
Mahakamani. Wakili wa Mjomba ameomba aachiliwe kwa dhamana. Upande wa mashtaka unasema akitoka atamfikia Nyakim, na mimi niliitwa kueleza jinsi alivyomfikia mara ya kwanza. Nyakim alikuwa amekaa kati ya polisi wawili, leso imefunika sikio. Mjomba kizimbani amekonda. Alinitazama kama siku ya viatu.

"Ulimwambia mshtakiwa kwamba shahidi yuko kwenu?" jaji aliniuliza. Ametoka mbali, hajui huku.

"Sikumwambia. Nilimpelekea shingo."

Kwenye mabenchi kulikuwa na watu mia wanaokohoa na kujipepea. Wote walinyamaza. Ukoo wetu ulikuwa pale nusu yake, na nilisikia mwanamke mmoja akivuta pumzi. Jaji peke yake ndiye aliyekuwa akisubiri niendelee.

Nikaeleza. Kidari, mgeni, shingo, salamu za kesho yake. Nimesema mbele ya kila mtu kwamba mkono uliobeba ni huu, nikauinua na vidole vyake vitatu. Wakili alisimama akitabasamu. Alisema hajawahi kusikia sheria inayokataza kupokea shingo, na kwamba hadithi hii ya vipande vya nyama mimi nimeitunga kitandani hospitalini kwa uchungu. Alionyesha nakala ya daftari hili, ambayo ilikuwa imekwisha kutolewa kama kielelezo, akasema hata ile desturi ya Pasaka ni maandishi yangu mwenyewe, hakuna mwingine aliyeithibitisha.

Hapo Mama akasimama. Hakuitwa. Ameegemea fimbo, hakumtazama jaji wala mimi.

"Epuyo," alisema kwa Kiturkana. "Mbuzi yangu ile ya wakati wa mvua. Kidari ilikula nani?"

Askari alimwendea akae. Lakini Mama ni mkubwa wake. Amembeba mgongoni, amemtafunia chakula, na tangu nizaliwe sijamwona Mjomba akiulizwa na Mama akakosa kumjibu. Nilimwona akifumba mdomo. Nilimwona akijaribu. Kisha akainamisha kichwa.

"Ilikula mgeni," alisema.

Mkalimani alikuwa kijana wa kwetu. Alitafsiri neno kwa neno, kwa sababu ndiyo kazi yake. Wakili alikaa.

Dhamana imekataliwa. Mama alirudi kwenye benchi akajifunika shuka usoni, akamlilia mdogo wake kwa sauti mpaka tukamtoa nje. Sikumnyamazisha. Nilikuwa nalia pamoja naye, na kwa ajili ya yuleyule.

24 Juni
Mvua imekwisha. Tuzo imefika kwa ndege, kipande cha kioo chenye jina la Lokaale, wamelikosea herufi moja. Nimeiweka kwenye kiti chake.

Nyakim amelala kwetu jana, na polisi wawili langoni. Asubuhi Mama ametoka nje, akakamata beberu, akanipa kisu. Nimechinja kwa mkono wa kushoto. Nimekata kidari, nikakibeba hadi nje ya lango, barabarani, mahali pikipiki zinapopita, na nimempa Nyakim pale, mchana, kila mtu aone. Alikula akiwa amesimama. Shingo Mama ameifunga kwenye kitambaa safi, akaenda nayo mwenyewe gerezani.